Lausanne: Mizabibu Iliyolindwa kwa Kura

Mwanafunzi mpenzi, ukijaliwa kufika Lausanne, nchini Uswisi, magoti yako yatakuwa ya kwanza kuujua mji huo. Umejengwa juu ya vilima vitatu, na kutoka Ouchy, ufukweni mwa Ziwa Léman, hadi kanisa kuu ni kupanda tu. Ng'ambo ya maji, upande wa Ufaransa, husimama milima ya Alps, kama sisi wa Bujumbura tunavyoiona milima ya Kongo ng'ambo ya Tanganyika.

Mashariki mwa mji huanza Lavaux, mashamba ya mizabibu yapatayo hekta 800, yaliyopandwa kwenye matuta yenye kuta za mawe. Watawa walianza kuyajenga katika karne ya 12. Wenyeji husema mizabibu yao huota majua matatu: la angani, lile linalorudishwa na ziwa, na joto linalotunzwa na kuta.

Ardhi yenye mandhari kama hiyo, ni tajiri gani asiyetamani kujenga nyumba juu yake? Niliyatembea matuta hayo nikijiuliza ni nani aliyewazuia. Jibu ni wananchi. Mtetezi wa mazingira Franz Weber aliongoza ukusanyaji wa saini, na mwaka 1977 wapiga kura wa jimbo la Vaud wakaamua kwamba Lavaux ilindwe na katiba ya jimbo lao. UNESCO iliitambua miaka 30 baadaye.

Lakini wapiga kura hao walikuwa nani? Tarehe 1 Februari 1959 wanaume wa Uswisi waliulizwa kama wanawake wapewe kura katika mambo ya taifa. Takriban theluthi mbili walikataa. Siku hiyohiyo wanaume wa Vaud waliwakubalia wanawake kura za jimbo, wakatangulia majimbo mengine yote. Hivyo mwaka 1977 wanawake walikuwa na neno juu ya matuta yale. Kura ya taifa waliipata mwaka 1971. Na wenzao wa Appenzell Innerrhoden walinyimwa kura ya jimbo hadi mwaka 1990, Mahakama ya Shirikisho ilipowaamulia. (Neno letu "kura" lilianza na bahati nasibu, wanawake hao wangeielewa maana hiyo upesi.) Mahakama hiyo ina makao yake Lausanne.

Mjini humo bado kuna mlinzi anayetangaza saa kwa sauti kutoka mnara wa kanisa kuu, kuanzia saa nne hadi saa nane usiku. Kazi hiyo imeandikwa tangu mwaka 1405. Mwanamke wa kwanza aliajiriwa mwaka 2021. Usiku niliosimama chini ya mnara ilikuwa zamu ya mwanamume.