Gurudumu Likilia, Tusikilize Vema

Motokari haina kinywa, walakini husema. Breki zikiisha husaga. Mkanda wa injini ukilegea hulia asubuhi ya baridi. Nati za gurudumu zikilegea hugonga polepole. Mwenye kuizoea motokari yake huzijua sauti hizi kama mama ajuavyo kilio cha mtoto wake. Lakini iko sauti moja isumbuayo watu wengi, nayo ni mngurumo utokao chini, usiojulikana ni wa gurudumu lipi. Juu ya sauti hiyo twataka kuzungumza leo, maana ilitusumbua mwezi mzima hapa Bukavu, mwaka 2018.

Mji wetu umejengwa juu ya miteremko, na juu ya rasi tano ziingiazo katika Ziwa Kivu. Mtu akitoka Ibanda kupanda Kadutu, au akienda Bagira, haendi mbali pasipo kona wala mlima. Penye lami pana mashimo. Pasipo lami pana mawe wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Na atakaye kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo ana taabu nyingine. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Mto Ruzizi huteremka sehemu kubwa ya kimo hicho kwa maporomoko. Motokari nazo huteremka kwa kona za Ngomo, mlima upande huu na bonde upande ule, mpaka Kamanyola. Huko si mahali pa kupeleka gurudumu usilolijua afya yake.

Basi, jamaa yetu ilikuwa imepanga kupeleka mahari Uvira siku ya Jumamosi, watu saba ndani ya Land Cruiser yetu ya zamani. Mwezi mmoja kabla yake tulikuwa tumepita katika tambarare ya Ruzizi wakati wa mvua. Maji yalikuwa yameikata barabara, wala njia nyingine haikuwako, nasi tukapita humo, maji yakifika katikati ya magurudumu. Siku chache baadaye mngurumo ukaanza, mdogo kama wa nyuki ndani ya mtungi, ukazidi juma kwa juma.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza. Dereva alisema sauti yatoka kushoto, kwa kuwa yeye huketi kushoto. Mjomba, aketiye kulia, aliapa kwamba ni kulia. Watoto wa nyuma walisema ni nyuma. Fundi wa kwanza tuliyemwendea hakupanda hata motokari. Aliyatazama matairi, akasema yote manne yabadilishwe. Bei yake ilikuwa karo ya watoto wawili. Mjomba naye akasema, "Motokari hii inalia tangu mwezi mzima na bado inatembea. Tukichelewa kupeleka mahari, wakwe watasema tumewadharau. Twende hivi hivi." Neno lake lilikuwa zito, maana kweli kwetu siku ya mahari haichezewi.

Binti yetu, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyetutoa katika mabishano. Alisema, "Baba, kila mtu anasikia upande wake. Tuandike basi inalia wakati gani, na inanyamaza wakati gani." Akaleta daftari. Siku ya Alhamisi tukaenda naye kwenye njia ya Kavumu, ambako pana sehemu za tambarare, tukaijaribu motokari kwa utaratibu, tukibadili jambo moja tu kila mara.

Kwanza tulitazama mwendo. Mwendo ukiongezeka, sauti ilipanda. Mwendo ukipungua, ilishuka. Pili, mahali pa tambarare pasipo na magari mengine, dereva aliweka gia huru, motokari ikajiendea kidogo. (Jambo hili lisifanywe kamwe penye mteremko.) Injini ilitulia, lakini mngurumo haukubadilika, basi haukuwa wa injini. Tatu, tulitoka kwenye lami tukaingia udongo. Sauti ya tairi hubadilika barabara ibadilikapo. Hii yetu ilibaki ile ile. Nne, dereva alipinda polepole kushoto, kisha kulia. Tukipinda kushoto, sauti ilikuwa kali. Tukipinda kulia, karibu inyamaze.

Binti alipoandika hayo, dereva alicheka, akasema, "Imejitaja yenyewe." Maana motokari ikipinda kushoto, uzito wake huegemea magurudumu ya kulia, na gurudumu gonjwa hulia likibebeshwa mzigo. Ni kama mtu mwenye mguu mbovu: hapigi kelele akiukunja, bali akiukanyagia. Mjomba basi alikuwa amesikia vema kwamba ni kulia, ila hakuna aliyejua kama ni mbele au nyuma.

Siku ya Ijumaa tulimwendea fundi mwingine huko Kadutu. Alisoma daftari mstari kwa mstari, kisha akaenda mwendo mfupi, akarudi, akavigusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa kiganja. Vitatu vilikuwa na uvuguvugu. Cha mbele kulia kilikuwa cha moto. Alihakikisha kwanza kwamba breki haishiki, kwani breki ikishika nayo hutia moto. Akainua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalizungusha taratibu, akatega sikio kwenye mti mkavu aliouegemeza karibu na kitovu, kama daktari asikilizaye kifua. Kila mmoja wetu alisikiliza kwa zamu yake: palikuwa na msago kama wa mahindi kinuni.

Alipofungua kitovu, tuliona sababu. Ndani yake mna beringi mbili, ya nje na ya ndani. Kila moja ni rola ndogo za chuma zinazozunguka ndani ya kikombe cha chuma, zikilainishwa kwa grisi. Sili ya kuzuia maji ilikuwa imechanika. Kitovu kikiwa cha moto kikaingia ghafula katika maji ya baridi, hewa iliyomo hujikusanya na kuvuta maji ndani. Grisi yetu ilikuwa imegeuka kama maziwa yaliyochanganyika na mchanga. Kikombe cha beringi ya ndani kilikuwa kimebanduka vipande, na kizuizi cha rola kimevunjika.

Fundi aliweka rola mbili mkononi mwa mjomba. "Mzee," alisema, "gurudumu likicheza hivi, disiki ya breki nayo huyumba na kuzisukuma pedi mbali. Mara ya kwanza ukikanyaga, mguu hushuka bure. Na beringi ikikwama kabisa, gurudumu laweza kung'oka." Mjomba alizitazama zile rola kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu, akawapigia wakwe yeye mwenyewe, akaomba tuje Jumatatu. Walinung'unika kidogo, wakakubali.

Beringi mpya pamoja na vikombe vyake na sili zilipatikana Jumamosi, kwa bei ndogo kuliko ya tairi moja. Fundi aliufungua na upande wa kushoto pia, akausafisha na kuutia grisi, kwa kuwa nao ulipita katika maji yale yale. Alikaza nati huku akizungusha gurudumu, akailegeza kidogo, kisha akaifunga na nati ya pili. Alitueleza kwamba ikikazwa mno beringi huungua, na ikilegea mno gurudumu hucheza. Jumatatu tukashuka Ngomo kimya kimya. Hata mazungumzo ya walioketi nyuma yalisikika.

Wenye motokari, yafaa mkumbuke haya. Mkipita katika maji mengi, mfungulisheni fundi vitovu mapema, msingoje kilio. Mngurumo ukianza, msinunue kitu kabla ya kujua ni wa gurudumu lipi, wala msifunge safari ya milima kabla ya kujua. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba daftari ni la shuleni tu. Wakubwa wakibishana juu ya jambo linaloweza kupimwa, ombeni ruhusa kwa adabu, lipimeni, mwandike mlichokiona. Huenda mkaokoa karo yenu, na hata watu saba.