Bei ya Saa na Umri Wake

Vijana wa nyumbani kwangu huniuliza mara kwa mara ni chapa ipi ya saa za mkono inayostahiki fedha yake, wakidhani kwamba mtu aliyeishi miaka mingi na kuvaa saa za namna mbalimbali lazima awe na jina moja tayari ulimini. Nami, ingawa majina ninayo, huwajibu kwamba hesabu hiyo nimeiona ikigeuka zaidi ya mara moja, na kwamba saa iliyokuwa rahisi kwa babu yangu ingekuwa ghali kwa baba yangu, na ile iliyomfaa baba isingenifaa mimi, wala si kwa sababu moja ilikuwa mbovu na nyingine njema, bali kwa sababu kila zama zilikuwa na haja zake.

Babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na saa ya West End, chapa ya Waswisi iliyojijengea jina Bombay tangu karne ya 19 na kuenea hadi nchi za Ghuba, nayo aliitia majira kila siku jua linapotua: mwadhini akiadhini Magharibi, yeye aliziweka akrabu zake mbili juu ya 12, kwani siku kwa hesabu ya wazee wetu huanza kwa kuchwa jua, na saa moja ya usiku ni ile inayofuata. Jua la Unguja, ijapokuwa tu jirani na mstari wa ikweta, halitui wakati mmoja mwaka mzima, bali baina ya miezi hupishana kwa kiasi cha nusu saa, kwa hivyo mwenye kufuata majira hayo hakuwa na budi kuisogeza saa yake kila uchao. Natija yake ni kwamba saa iliyochelewa dakika mbili au tatu kwa siku haikuonekana kuwa na ila yoyote, maadamu jua lilikuwa likiisahihisha kabla ya mwenyewe kuhisi. Na alichokitaka babu katika saa ni kuwa iende, ing'ae kwa heshima juu ya kanzu, na isife kabla yake. Yote matatu aliyapata.

Baba alikuwa karani wa serikali, na karani hakuajiriwa na jua. Saa yake ilikuwa Roamer ya mawe 17, aliyoinunua kwa mshahara wa miezi miwili, na majira yake aliyatia kwa redio, akingojea vile vidoti vya BBC ambavyo kidoti chake cha mwisho ndicho hasa mwanzo wa saa mpya. Kuchelewa kwa dakika tatu, jambo ambalo babu asingelitambua, kwa baba kulikuwa ni kuitwa mbele ya mkubwa wa ofisi. Tangu hapo ndipo nilipoanza kusikia nyumbani maneno ya mawe na kamani, na kujua kwamba yale mawe yanayotajwa kwenye uso wa saa si pambo, bali ni vijiwe vya yakuti ya kutengenezwa vilivyotiwa mahali ambapo mihimili ya magurudumu huzunguka, ili chuma kisilane na chuma.

Kila asubuhi baada ya Alfajiri baba aliitia saa ufunguo mpaka kamani ikakaza, na kila baada ya miaka michache aliipeleka kwa fundi wa mtaa wa Mchangani, Mhindi mmoja mkimya aliyekaa nyuma ya meza ndogo na darubini yake jichoni. Nilimsikia akimwambia baba siku moja, "Bwana, saa hii inapiga mara elfu kumi na nane kwa saa moja, mafuta yake yakikauka, inajila yenyewe." Nilipofika nyumbani nikafanya hesabu kwa kalamu, nikaona kwamba mapigo ya siku moja ni 432,000, na tangu siku ile sikustaajabu tena kwamba saa huhitaji kusafishwa, nilistaajabu kwamba huweza kwenda.

Fundi yule ndiye aliyenifunza, bila ya kukusudia, kwamba bei ya saa hulipwa mara mbili, kwanza dukani na tena kwenye meza ya fundi, na kwamba malipo ya pili ndiyo yanayowaumbua watu wengi. Roamer ya baba ilikuwa na vipuri vyake katika vikopo vya bati vya fundi huyo. Kioo, kamani na hata mhimili wa kigurudumu cha mizani vilipatikana bila ya kungojea meli. Wako matajiri waliovaa Rolex na Omega, saa adhimu zisizo na shaka, na Rolex tangu mwaka 1926 walikuwa wamekwisha kuunda ile Oyster isiyoingia maji. Lakini nyingine katika saa za fahari zilizofika mjini zilikuwa za chapa ambazo hapana aliyezijua ndani, zikaharibika, zikatiwa kabatini, na wenyewe wakawa wanawaonyesha wageni saa ambazo hazikujua hata adhuhuri.

Pwani nayo ilikuwa na hesabu yake ambayo Waswisi, kwa kukaa milimani, huenda hawakuifikiria sana. Chumvi ya upepo wa kusi na jasho la mkono viliukwangua mchovyo wa fedha na wa dhahabu mpaka ikadhihiri shaba ya chini, mkanda wa ngozi ukaoza ndani ya msimu mmoja wa masika, na ukungu ukapanda juu ya uso wa saa kama kutu ya kijani. Zaidi ya hayo, mtu anayetawadha mara tano kwa siku huyakabili maji mara tano kwa siku, na saa isiyostahimili maji ilikuwa haina budi kuvuliwa na kuwekwa ukingoni mwa birika la msikiti, ambapo ama ilisahauliwa au ilipata mwenyewe mwengine. Ndiyo maana wanunuzi wenye busara waliigeuza kwanza saa kutazama mgongo wake, wakitafuta maandishi ya chuma kisichoshika kutu, kabla ya kuigeuza tena kusoma jina lake usoni.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 maduka mengi yalifungwa, bidhaa za nje zikawa adimu, na miaka ikapita ambapo saa mpya haikununuliwa bali ililetwa. Jamaa zetu wengi walikuwa wamehamia Dubai na kwengineko, na tangu 1970, alipotawala Sultan Qaboos, wengine wengi wakaenda kukaa Oman. Na msafiri akirudi kutoka huko, hidaya aliyotumwa kuifikisha aghalabu ilikuwa Seiko 5. Saa hiyo Wajapani waliitoa mwaka 1963, na jina lake lilitokana na ahadi tano: kwamba itajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, kwamba itaonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, kwamba itastahimili maji, kwamba kifungo chake kitafichwa kando penye saa nne ya usoni ili kisisumbue kiganja, na kwamba gamba lake litakuwa imara. Zilizotoka Ghuba zilikuwa na siku zilizoandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, nasi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tuliipenda zaidi ile ya Kiarabu.

Yangu niliivaa nikiwa mwalimu, nikatawadha nayo, nikaoga nayo baharini, na fundi wa Mchangani, aliyekuwa amekwisha zeeka, alipoifungua mara ya kwanza aliinamisha kichwa akacheka taratibu. Alisema kwamba Mswisi alikuwa ameitengeneza saa kwa ajili ya kufunguliwa, na Mjapani huyu ameitengeneza ili isifunguliwe, lakini ikifunguliwa haimtesi fundi. Seiko yangu iliyumba nukta kumi na tano au ishirini kwa siku, haikunitaka chochote ila mkono wa kuivaa, na kwa mwendo wa miaka gharama yake ikawa ndogo hata sikuweza tena kuitaja. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka: thamani haikuwa tena katika urahisi wa kutengeneza, ila katika kutohitaji kutengenezwa.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuwa yamekwisha anza kwengine, nasi hatukuyasikia kwa muda. Tarehe 25 Disemba 1969, huko Tokyo, Seiko hao hao waliuza saa iitwayo Astron, ambayo badala ya kigurudumu cha mizani ilikuwa na kijiwe cha kwatsi kinachotetemeshwa na umeme wa betri, ikapotea si zaidi ya nukta tano kwa mwezi, na bei yake ilikuwa yen 450,000, sawa na bei ya motokaa. Katika miaka isiyozidi kumi na mitano ujuzi ule ule ukawa wa bei rahisi mno. Waswisi, waliokuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, wakabakiwa na kiasi cha theluthi yao tu kufikia katikati ya miaka ya themanini. Biashara ilipofunguliwa tena kwetu katika miaka hiyo, meza za soko la Darajani zilijaa saa za plastiki, na baina yake ikaja, mwaka 1989, Casio F-91W, saa ya gramu 21 ambayo betri yake hukaa takriban miaka saba na ambayo hukosea si zaidi ya nusu dakika kwa mwezi. Kwa usahihi peke yake, saa hiyo ya mwanafunzi iliipita Rolex ya tajiri.

Fundi wa Mchangani hakuwahi kuiona Casio hiyo, na aliyemrithi meza hubadilisha betri, hukata mikanda, na mchana kutwa huwaambia watu kwamba saa zao za majina makubwa ni bandia, habari ambayo wengine huipokea kwa hasira kana kwamba yeye ndiye aliyeighushi. Mmoja wa jamaa zangu alilipa fedha nyingi kwa saa ya namna hiyo, na mashine iliyokutwa ndani ilikuwa ya thamani ya sahani ya biriani.

Sasa nawajibu vijana kwa majina. Anayetaka kujua wakati tu, na fedha yake ni haba, hapana saa inayompa zaidi kuliko Casio ile, mradi ainunue kwa muuzaji anayemwamini, kwani hata ile imeghushiwa. Anayechukia kubadilisha betri naye anaipenda saa ya akrabu, na atazame Citizen ya Eco-Drive, inayolishwa na mwanga. Anayetaka mashine inayopiga, Seiko 5 ingalipo, ingawa tangu 2019 imefanywa upya, ikapandishwa daraja na bei pamoja, na kwa sababu hiyo Orient, inayotoka Japani vilevile, mara nyingi humpa mnunuzi zaidi kwa fedha chache. Ama saa ya Uswisi, sina neno nayo, ila mwenye kuitaka na aulize kwanza bei ya kuisafisha na mji gani itasafishiwa, ajumlishe gharama hiyo kwa kila miaka mitano au saba atakayoivaa, kisha aiweke juu ya bei ya dukani. Akiona jumla ile bado inamridhisha, basi ainunue kwa raha, kwa kuwa atakuwa ameinunua saa na wala si jina lake.