Moshi Uliokuwa na Saa Zake

Moshi wa Hiace yetu ulikuwa na saa zake. Alfajiri ya Lushoto, hasa Juni na Julai baridi inapouma, ulitoka mweupe, mzito, unanuka dizeli mbichi, na vijana wa kupakia wakasimama kando wakifikicha macho. Injini ikipata moto ulipungua bila kwisha. Kushuka kupitia Soni hadi Mombo na mzigo wa kabichi, karoti na hoho hakukuwa na neno, maana gari linateremka lenyewe. Kazi ilikuwa kurudi. Kilomita zile 32 hivi ni mpando na kona tupu, na gari lililozoea kupanda kwa gia ya tatu lilianza kuhema kwa ya kwanza, injini inamisi, nyuma yetu wingu jeusi limewafunika wa bodaboda.

Gari ni langu, dereva ni mdogo wangu wa kiume. Nalitaja hilo kwa sababu kila gereji tuliyoingia yeye ndiye aliyeelezwa ubovu, mimi nikaletewa bei. Wa kwanza akasema nozeli. Zikapelekwa Tanga kupimwa, mbovu zikabadilishwa, moshi mweusi ukapungua kidogo na misi ikabaki palepale. Wa pili akasema pampu. Wa tatu hata kiti hakukiinua aione injini. Alisikiliza, akatazama ekzosi, akamwambia mdogo wangu, "Hii imekufa kaka, ni oveholi tu." Bei yake ilikaribia nusu ya ile niliyonunulia gari.

Na gari hilo nilikuwa nimelinunua kwa mkopo wa SACCOS. Marejesho hayaulizi moshi ni wa rangi gani. Koliflawa ikifika Tanga mchana badala ya asubuhi, mnunuzi anaipindua, anaitazama, anataja bei ya kukufukuza. Trafiki naye alikuwa na haki yake: akiona moshi ule aliandika faini ya shilingi 30,000. Ili wateja wasinipotee nilikodi gari la mtu, faida ikawa yake. Ng'ombe wangu wa maziwa aliondoka kipindi hicho. Watu wa kwetu wanajua maana ya kumuuza ng'ombe anayekamuliwa.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa Korogwe, fundi aliyezeekea kwenye matrekta ya mashamba ya mkonge. Swali lake la kwanza aliniuliza mimi: "Mama, nani amepima kompresheni?" Hakuna. Akawasha injini, akawa analegeza nati ya bomba la chuma linalopeleka dizeli kwenye nozeli, moja baada ya nyingine. Ukilegeza ya silinda nzima, muungurumo unayumba. Alipolegeza ya tatu, injini haikushtuka hata kidogo. Silinda hiyo ilikuwa abiria.

Akatueleza akiwa amechuchumaa. Dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa sababu hewa imebanwa mpaka ikawa moto. Injini yetu, 3L, huibana hewa hiyo mara 22 hivi. Pakiwepo upenyo, joto halifiki, dizeli inatoka bila kuungua: ndio ule weupe wa alfajiri. Mlimani silinda tatu zinabeba kazi ya nne, zinamwagiwa dizeli kuliko hewa iliyopo: ndio ule weusi.

Lakini upenyo uko wapi? Hapo nilimvulia kofia. Aliazima kompresa ya jirani yake anayeziba pancha, akaipandisha pistoni ya tatu juu kabisa valvu zote zikiwa zimefungwa, akasukuma upepo kupitia tundu la plagi ya kupashia moto. Mdogo wangu akatumwa kwenye njia ya hewa, mimi nikainamishwa kwenye ekzosi. Upepo ulikuwa unanipulizia sikioni. Ringi zingekuwa zimekwisha, alisema, ungetokea kwenye mdomo wa kujazia oili. Huu wangu ulikuwa wa valvu ya kutolea moshi.

Akapima nafasi za valvu injini ikiwa ya baridi. Za kutolea zinatakiwa milimita 0.40 hadi 0.50, za kuingizia 0.20 hadi 0.30. Kwenye ile ya tatu hata bamba jembamba kuliko yote la kupimia halikupita. Valvu ikichimba kiti chake inazama ndani ya hedi, nafasi inakwisha, mwisho haifungi tena. Na valvu hupoa kwa kukalia kiti. Isipokaa, gesi inapita ukingoni kama moto wa mchomeleaji. Sisi tulikuwa tukijisifia kwamba injini yetu haipigi kelele za valvu. Mzee akacheka: "Inayogonga kidogo ina nafasi. Iogopeni iliyonyamaza."

Hedi ilipofunguliwa, ukingo wa valvu ile ulikuwa umemegeka, na jirani yake ameanza. Kabla ya kununua spea yoyote aliipima hedi kama imepasuka, maana hedi za injini hizi zikichemka hupasuka kati ya valvu. Ilikuwa nzima. Valvu mbili zikanunuliwa, viti vikachongwa, zote zikasagwa, sili na gasketi zikawa mpya. Taiming belti nayo tukaibadilisha, kwa kuwa hubadilishwa kila kilomita 100,000 na ilikuwa imeshatolewa. Ikikatika safarini pistoni hugonga valvu, na hapo oveholi inakuwa ya kweli. Jumla ya gharama haikufika robo ya ile niliyotajiwa.

Sasa Soni tunapanda kwa gia ya tatu. Mdogo wangu analalamika kwamba injini inagonga-gonga asubuhi. Namwambia aache igonge. Kamoshi ka buluu bado kanatoka wakati wa kuwasha, kisha kanapotea. Mzee anasema ringi zimeanza kuchoka, lakini bado zina kazi ndani yake. Tumekubaliana zisiguswe mpaka mkopo wa SACCOS uishe.