Gymkhana au Lugalo?

Rafiki yangu ananishawishi niihame Gymkhana ya Dar es Salaam, nijiunge na klabu ya gofu ya Lugalo, mali ya Jeshi la Wananchi. Viwanja vyote viwili vina mashimo 18; kwa hiyo hoja si mchezo, bali ni ardhi na watu. Gymkhana ilikuwa ya Wazungu. Enzi hizo Mwafrika aliingia humo kama mtumishi, au kama kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo za mwenzake. Lugalo ni kazi ya jeshi la nchi huru, na moyo wangu unaelekea huko.

Hata hivyo, mama yangu mdogo aliyeko Ikinga, wilayani Ileje, ambako watu hulima hata kwenye miinuko mikali, aliniuliza kwa simu: “Mwanangu, eneo lote hilo mnalima nini?” Nilipomjibu kuwa tunalima nyasi, alicheka hadi akakohoa. Swali lake halibagui klabu.

Basi nimejiwekea kipimo kingine: ni wapi kedi huruhusiwa kucheza, na mwanawe kufundishwa bila ada? Nitauliza kotekote kabla ya kulipa ada ya mwaka ujao.