Gitaa la Baba na Kikosi Changu cha Usiku

Ndugu msomaji, je, unalo jambo unalolifanya kwa sababu tu unalipenda, jambo lisilokuletea mshahara wala sifa, na ambalo mwenzio wa nyumbani akikuuliza faida yake huna jibu? Mimi ninayo mawili. La kwanza ni kupiga gitaa. La pili, ambalo mtu wa umri wangu hulitaja kwa sauti ya chini, ni kucheza mchezo wa vita katika simu pamoja na wenzangu watatu ambao sijapata kuwaona ana kwa ana. Leo napenda kukusimulia habari za mambo hayo mawili, na habari za usiku mmoja ulionifanya niyapime upya.

Nianze na gitaa, kwani ndilo kongwe. Ni gitaa kavu lisilotumia umeme, ambalo vijana wa zamani waliliita galatoni. Baba yangu alilinunua mwaka 1981, wakati akiwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja mjini Morogoro. Mchana alishika spana. Jioni za Jumamosi alipiga rithimu katika bendi ndogo ya wafanyakazi wenzake. Huenda vijana wakashangaa kusikia kwamba kiwanda kilikuwa na bendi, lakini siku zile halikuwa jambo la ajabu. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walipokea mshahara kama makarani. Jina lilibadilika kadiri chama kilivyobadilika, likawa JUWATA, kisha OTTU, hata bendi ikafahamika kwa jina la Msondo Ngoma.

Kama vijana wengi wa Morogoro wa siku zake, baba alikua akimhusudu Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa bado mtoto mwaka 1970 Morogoro Jazz waliposafiri hadi Osaka, Japani, kupiga muziki katika maonyesho makubwa ya dunia. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979, baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hata leo ukimtajia habari hiyo hunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Hata hivyo baba hakutaka kuwa mpiga solo. Alipenda rithimu. Nilipomwuliza sababu, alinieleza hivi: solo huongoza, besi hushika mwendo, na rithimu hukaa katikati ikizijaza nafasi. Ukimsikiliza mpiga rithimu peke yake utasema mtu huyu anarudia jambo moja usiku kucha. Lakini mwondoe, ndipo utakapoona wimbo unavyopwaya, hasa unapofika kwenye chemko, mahali ambapo watu wote wamesimama kucheza.

Nilipofika umri wa miaka kumi na miwili alianza kunifundisha. Hakuanza na rithimu ya bendi, bali na mtindo wa Mwenda Jean Bosco, yule bingwa wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Bosco alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu. Dole gumba lilipiga nyuzi nene za juu, kidole cha shahada kikaimba kwenye nyuzi nyembamba, na mtu mmoja akasikika kama wawili. "Dole gumba ni mwenye nyumba, halitoki," baba aliniambia. "Shahada ni mtoto, mwache acheze, mradi asiende mbali." Ncha za vidole vyangu vya kushoto ziliuma kwa majuma mengi kabla ya kuota sugu, na ilinichukua takriban mwaka mzima kuyafanya madole hayo mawili yasahauliane, kila moja likafanya kazi yake.

VITA VISIVYO NA DAMU

Sasa nije kwenye mchezo. Nilianza mwaka 2019. Mwenzangu wa ofisini alinionyesha PUBG Mobile wakati wa chakula cha mchana, nami nikamcheka. Juma lililofuata nilikuwa nacheza kumzidi.

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo wenyewe ni huu. Watu 100, kila mmoja akiwa na simu yake mahali alipo duniani, huruka pamoja kutoka katika ndege na kutua kisiwani kwa miavuli. Hawana kitu mkononi. Huingia katika majumba matupu wakiokota silaha, dawa na kofia za chuma. Kila baada ya muda eneo la usalama hupungua, na aliyebaki nje yake huumia, hivyo watu hulazimika kusogeleana na kupambana. Hucheza kwa vikosi vya watu wanne, wakisemezana kwa sauti. Mwenzio akiangushwa waweza kumwinua, lakini utapiga magoti kando yake kwa muda wa sekunde kumi hivi, na sekunde hizo nawe huwezi kujitetea. Pambano moja huchukua kama nusu saa, na halina kusimama. Ukitoka, umewaacha wenzio watatu.

Hapo ndipo ulipo utamu wake, na hapo ndipo ulipo mtego wake.

Kikosi chetu kilijijenga chenyewe. Mmoja ni fundi wa mafriji wa Mombasa, mcheshi asiyekwisha maneno. Wa pili anaishi Muscat. Bibi yake alitoka Unguja, na Kiswahili chake kina maneno ambayo mimi mwandishi wa habari huyakuta katika kamusi tu. Wa tatu ni dada mmoja wa Mwanza, muuguzi kwa kazi yake, ambaye ndiye mwenye shabaha kali kuliko sisi sote. Majina yetu ya mchezoni ni ya kuchekesha, na kwa muda mrefu hatukujua ya kweli. Lakini baada ya miaka mitatu ya kuinuana kisiwani, nilimjua kila mmoja kwa kikohozi chake. Nilijua ni nani atakimbilia hatari, na ni nani atabaki nyuma kutazama mgongo wangu. Mimi mwenyewe, bila kukusudia, nilikuwa mpiga rithimu wa kikosi: mbebaji wa dawa, mwinuaji wa walioanguka.

Mke wangu hakuupenda mchezo huo, wala hakuupiga vita. Alisema tu, usiku mmoja, "Baba watoto, sauti unayozungumza nao hao watu, nasi tungeipenda." Nilicheka. Sasa naona kwamba hapakuwa na kichekesho.

SIMU YA MAMA

Ilikuwa Agosti 2024, siku ya Alhamisi. Tulikuwa tumebaki watu tisa kisiwani, wanne wakiwa sisi. Saa tatu na dakika arobaini usiku, jina la mama yangu lilitokea juu ya kioo cha simu. Nililisukuma kando kwa kidole. Nilijiambia nitampigia baada ya dakika tano, kwani mama hupiga kila Alhamisi kuulizia wajukuu. Likatokea tena, nikalisukuma tena. Mara ya tatu nilikasirika, Mungu anisamehe, kwa kuwa liliniziba nisimwone adui dirishani.

Pambano lilipokwisha nilimpigia. Simu huhifadhi kumbukumbu za kila kitu, kwa hiyo najua kwa hakika: kutoka mlio wa kwanza hadi nilipopiga zilipita dakika ishirini na sita.

Baba alikuwa amedondosha kikombe, kisha akaanguka yeye. Mama alikuwa ananitafuta ili nimpigie binamu yangu mwenye teksi, ambaye namba yake ninayo mimi, yeye hana. Alipoona sipokei alitoka nje usiku kugonga milango ya majirani. Nilipompata alikuwa bado hajapata gari.

Wenzangu walikuwa hawajakata mawasiliano, na walinisikia nikimwuliza mama nini kimetokea. Yule dada muuguzi alinikatiza kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. "Mwulize mama, mdomo umepinda? Mkono mmoja haunyanyuki? Maneno hayatoki sawasawa?" Yote matatu yalikuwa kweli. "Hicho ni kiharusi. Wasimpe maji wala chakula, anaweza kupaliwa. Alazwe ubavu, na aende hospitali sasa hivi, wasingojee asubuhi." Nilimfikishia mama maneno hayo, kisha nikampigia binamu. Baada ya robo saa baba alikuwa ndani ya gari. Kesho yake nilipanda treni ya kwanza ya kwenda Morogoro.

Mama alinipokea mlangoni pa wodi. Hakunilaumu. Alisema, "Nilijua umelala, mwanangu, na kazi zako zile." Nami, msomaji, sikusahihisha.

Baba alipona, lakini si wote. Upande wa kulia ulidhoofika, na maneno yake huja polepole, kama mtu anayehesabu chenji. Waganga husema kwamba kwa mgonjwa wa kiharusi kila dakika ina thamani yake, kwani ubongo uliokosa damu huendelea kufa. Sijathubutu kumwuliza daktari dakika zangu ishirini na sita zilikuwa na thamani gani. Pengine hazikubadili kitu. Pengine ni vidole viwili vya mkono wa kulia.

Lazima nieleze na upande wa pili, maana haki ni haki. Siku ya tano nikiwa Morogoro, fedha zilianza kuingia katika simu yangu: kutoka Mwanza, kutoka Mombasa, na kutoka Muscat kwa njia ya ndugu wa yule bwana aliyeko Unguja. Walikuwa wamechanga bila kuniuliza. Fedha hizo zililipia mazoezi ya viungo ya baba kwa miezi miwili. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watu wa mtandaoni si watu, nitambishia. Kosa halikuwa la kwao. Hawakujua ni nani aliyekuwa akipiga, mimi nilijua.

MAGONJWA NA UZEMBE

Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa michezo ya namna hii. Uliingizwa katika orodha mpya ya magonjwa iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea nao ingawa anaona unamharibia maisha. Na kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili. Iwapo unamwona mwanao au mwenzio katika maneno hayo, usimtukane. Mpeleke kwa wataalamu.

Nilijipima kwa kipimo hicho kwa uaminifu. Naenda kazini, nalipa ada, nalala. Mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mzembe, na uzembe hauna dawa ya hospitali.

Sikuacha mchezo. Najua wapo watakaosikitika kusoma hivyo. Lakini nacheza usiku mara mbili kwa juma, watoto wakiwa wamelala, na kikosi chetu kimejiwekea sheria, iliyopendekezwa na yule fundi wa Mombasa: anayeitwa na nyumbani huondoka papo hapo, bila kuomba radhi, na atakayenung'unika atanunua vocha. Tumeshindwa mapambano mengi kwa sababu ya sheria hiyo. Namba ya binamu ninayo mimi, anayo mama, na imebandikwa ukutani sebuleni kwao kwa maandishi makubwa.

Na gitaa? Mkono wa kushoto wa baba haukuguswa. Desemba ile tulikwenda kumsalimu, na binti yetu wa miaka tisa akalitoa gitaa ndani ya mfuko wake. Baba alilipakata. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe mahali pake na kuzibana nyuzi, lakini wa kulia ukabaki juu ya paja. Binti akakaa upande wake wa kulia, akanyoosha dole gumba, akapiga. Mapigo yake hayakuwa sawa. Baba akawa anamwekea mwendo kwa mguu. Hawakufika mwisho wa wimbo. Wanaendelea nao kila likizo, na mwaka huu wamefika kwenye chemko.

Jioni ile tulipobaki wawili nilimwambia baba habari ya dakika ishirini na sita. Alinitazama kwa muda mrefu, akiyatafuta maneno. Kisha akauliza, "Mlishinda?"

Nikamjibu, "La, baba. Tulikuwa wa pili."

Akatikisa kichwa kama kwamba hilo ndilo lililomsikitisha, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, nami nikalia.

Mama sijamwambia. Nimejaribu mara tatu, na kila mara amenitangulia kwa kuniandalia chai. Lakini yeye hununua gazeti hili kila Jumapili, na huanzia kurasa hizi za familia. Shikamoo, mama. Usiku ule sikuwa nimelala. Ukimaliza kusoma nipigie. Simu i mkononi, nami nitapokea.