Kwenye kwaya hakwami



Mtoto wangu wa pili ana miaka kumi na ana kigugumizi. Tulipokwenda kuandikishwa katika ofisi moja, aliulizwa jina lake. Akakwama kwenye herufi ya kwanza. Yule afisa akanitazama kama vile mtoto si wangu, nimempata njiani. Nikajibu mimi. Usiku ule mtoto hakula.

Lakini Jumapili kwenye kwaya anaimba mpaka mwisho bila kukwama. Jirani akasema, basi anajifanya. Hapana, jamani! Nimeuliza, nimesoma, na nawaambia nilichoelewa.

Tunaposema, ubongo hautumi amri kwa ulimi tu. Unasikiliza pia kwa masikio, kama fundi anayepima ubao huku anakata. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alionyesha kwamba hata msemaji hodari, akisikia sauti yake mwenyewe imechelewa kidogo tu, anaanza kukwama. Ninyi mnaopiga simu nyumbani mnaijua hiyo: sauti yako ikikurudia, maneno yanakupotea.

Kwenye wimbo ni tofauti. Mapigo yanaonyesha neno liingie wakati gani, sauti zinavutwa, na masikio yanashika wenzako. Ubongo unapata pa kuegemea. Hata kusoma kwa sauti pamoja na mtu mwingine kunasaidia hivyo hivyo. Lakini wimbo ukiisha, kigugumizi hurudi. Si pepo, si uvivu, wala si kosa la mama. Katika watoto 100, kama 5 hivi hupitia hali hiyo, na wengi wao huacha wenyewe wakikua.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa usemi mwaka 2008, kwa hiyo mkifika hospitali kubwa, ulizeni. Nyumbani sisi tunasoma pamoja kila jioni, mimi na yeye, sauti moja. Hatumwambii "sema haraka", wala hatummalizii neno.

Mwezi uliopita mlinzi wa shule alimwuliza jina. Nikafunga mdomo wangu, na haikuwa rahisi. Ilichukua muda, watu wakageuka kutazama. Akalisema mwenyewe, lote. Jioni alikula vizuri.

Wazazi wenzangu, tuwape watoto muda.