MAMBRUI: Ukiulizia nyumba, uulizie na udongo

Ukipanda matatu Malindi kwenda upande wa Gongoni, utavuka daraja la Mto Sabaki, na muda si muda utingo atagonga bati: "Mambrui!" Shuka hapo, ushike njia ya kuelekea baharini.

Huu ni mji mkongwe. Kaburi lake la mnara lilipambwa kwa bakuli za Kichina, na mwaka wa 2010 wachimbuzi wa Chuo Kikuu cha Peking na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walifukua hapa sarafu ya Kichina ya karne ya 15. Siku hizi wageni hawaji kwa sarafu tu. Wapo wanaofanya kazi Malindi na wanaotaka pa kuishi penye utulivu.

Utulivu upo, lakini una bei yake. Nyumba ya karibu na bahari hupata upepo mwanana, ila chumvi hula mabati na misumari, na maji ya kisima huenda yasifae kwa chai. Paa la makuti ni baridi, lakini lataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moto ni adui yake. Tena usitarajie bahari ya buluu kama ya Watamu mwaka mzima. Mvua ikinyesha bara, Sabaki huteremsha udongo na mawimbi yakawa rangi ya chai ya maziwa. (Mimi hainiudhi.) Kisha kuna lile daraja. Mvua za El Nino za mwaka wa 1997 zililisomba, na mwenye kazi ng'ambo ikambidi avuke kwa mashua.

Yote hayo mtu aweza kuyavumilia. Lisilovumilika ni kununua kuta bila ardhi.

Katika Mwambao ni jambo la kawaida nyumba kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwingine. Chanzo kimojawapo ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908. Waliopeleka madai yao wakapata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima hapo hapo wakabaki kuitwa maskwota. Basi mnazi waweza kuwa ulipandwa na babu ya anayekuuzia, na hati bado iko kabatini kwa mtu usiyemjua. Nyumba ya namna hiyo huwa rahisi, na urahisi huo ndio mtego.

Kwa hivyo chukua nambari ya ploti uende ofisi ya ardhi ukaangalie jina lililoandikwa. Rudi uwaulize wazee wa mtaa, kwa kuwa wanajua mengi ambayo faili halina. Na muuzaji akikwambia hati iko kwa ndugu yake Mombasa, italetwa Jumatatu, mwambie fedha nazo zitakuja Jumatatu hiyo hiyo.